Majiko 40, kisha majiko 10: zabuni za shule na tija ya karakana moja ya Kizota

Kisa hiki ni cha kufundishia. Nimekiandaa kwa ajili ya maafisa ununuzi, wahandisi wa halmashauri na wenye karakana. Ndiyo maana karakana, halmashauri na shule zilizomo hazina majina, na fedha na saa za kazi ni za mfano. Sheria, taasisi na mambo ya nchi nyingine yanayotajwa ni ya kweli. Swali lake ni hili: serikali ikinunua bidhaa ya kibunifu kwa mtengenezaji mdogo, tija yake inapanda, au anapata fedha tu kisha anarudi alikokuwa?

Karakana yenyewe ipo Kizota, jijini Dodoma. Ina mafundi sita. Kazi yao ya kila siku ni mageti, madirisha ya grili na vitanda vya chuma. Mwenye karakana, mama wa makamo, alianza na biashara ya vyuma chakavu kabla hajanunua mashine ya kwanza ya kuchomelea. Miaka michache iliyopita alianza kutengeneza jiko la taasisi linalotumia mkaa mbadala, yaani mkaa usiotokana na kukata miti, la sufuria ya lita 100, lenye ukuta wa tofali ndani ya bati na bomba la kutolea moshi nje ya chumba cha kupikia. Aliuza moja moja: leo kwa mpishi wa sherehe, mwezi ujao kwa hosteli ya wanachuo. Kila mteja alitaka kipimo chake, kwa hiyo kila jiko lilianza upya kama vile hakuna lililowahi kutengenezwa kabla yake. Jiko moja lilikula saa 200 za kazi, ukihesabu kukata bati, kujenga ukuta wa ndani, kusafirisha na kufunga.

Soko la jiko kama hilo lipo, na mnunuzi mkubwa kuliko wote ni serikali. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwisho wake. Kwa Dodoma agizo hili lina uzito wa pekee. Huu ni mkoa ambao mwaka 1973 ulianzishiwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu ardhi ya Kondoa ilikuwa inaliwa na makorongo. Shule ya bweni inayopikia kuni katika nchi kavu namna hii inakata miti ambayo haitarudi upesi.

Halmashauri ikatangaza zabuni ya majiko 40 kwa ajili ya shule za sekondari. Zabuni ilipita NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika 2023, mwaka ule ule ilipotungwa Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma, Na. 10. Karakana iliomba, ikashinda kwa Sh 1,500,000 kila jiko. Mkataba wa Sh milioni 60, wa kukamilishwa kwa miezi minne.

Sherehe ilikuwepo, na ilistahili. Ila tatizo la mkataba huu lilikuwa limeshaandikwa kwenye ukurasa wa vigezo vya kiufundi kabla mama yule hajaufungua.

Vigezo vilitaja unene wa bati, idadi ya miguu, rangi, na kimo cha jiko: sentimita 90 kutoka sakafuni. Havikusema popote jiko lifanye nini. Havikutaja lichemshe maji kiasi gani, kwa mkaa mbadala kilo ngapi, kwa muda gani. Yeyote aliyewahi kuzunguka kwenye ofisi za ununuzi anajua vigezo vya namna hii vinatoka wapi: vimechukuliwa kwenye zabuni ya zamani ya halmashauri nyingine, vikabadilishwa jina na tarehe.

Nenda sasa kwenye jiko la shule saa nne asubuhi, ugali wa wanafunzi 400 unaposongwa. Maharage hayana shida, yanachemka yenyewe, mpishi anakoroga mara moja moja. Ugali ni mapambano. Mpishi anashika mwiko mrefu kama mpini wa jembe, anausukuma mpaka chini ya sufuria, anauvuta kwake kwa uzito wa mwili mzima. Sufuria ikiwa juu kiasi kile, mikono haina nguvu ya kutosha, kwa hiyo anapanda juu ya benchi. Amesimama juu ya benchi, mbele yake moto na mvuke, na sufuria nayo inazunguka kila anapovuta mwiko. Anamwita mwenzake aje aishike kwa matambara. Kwenye miguu ya jiko, pale palipochomelewa, ufa unaanza baada ya muda mfupi, kwa sababu jiko lilipigiwa hesabu ya kubeba uzito, halikupigiwa hesabu ya kusukumwa huku na huku.

Mama mwenye karakana aliyajua haya. Jiko alilokuwa ameanza kulibuni lilikuwa na kimo cha sentimita 65, sehemu ya majivu ikashushwa kwenye shimo dogo lililojengewa tofali, na juu kulikuwa na pete ya chuma yenye vishikizo viwili vya kuibana sufuria isizunguke. Ubunifu wake wote ulikuwa pale. Alikwenda kumuuliza afisa ununuzi ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiki kimo cha tisini, kinaweza kubadilishwa? Wapishi wanaumia."

"Mama, nakuelewa kabisa. Lakini ukileta sitini na tano utaonekana hujakidhi vigezo. Nikikupitisha, mkaguzi akija hiyo ni hoja, na hoja inabaki na jina langu."

Afisa yule hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Mkaguzi anayefuata utaratibu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hulinganisha kilichoandikwa na kilichopokelewa. Kimo ni rahisi kukipima kwa futi kamba. Kwamba mpishi haumii mgongo si rahisi kukipima, na hakikuandikwa. Kwa hiyo karakana ikatengeneza majiko 40 ya sentimita 90, na michoro ya jiko la pete ikawekwa kabatini. Serikali ilikuja sokoni kununua ubunifu, ikanunua kila kitu kasoro ubunifu wenyewe.

Hesabu ya tija

Mkataba ulipoisha, ripoti ya idara ilisema tija ya karakana imepanda karibu mara mbili. Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe waangalifu, kwa sababu hesabu ile inarudiwa mahali pengi.

Kabla ya zabuni, karakana ilikuwa inaingiza Sh milioni 6 kwa mwezi kwa mafundi sita, yaani milioni 1 kwa kila fundi. Wakati wa zabuni iliingiza Sh milioni 15 kwa mwezi kwa mafundi wanane, maana wawili waliongezwa. Hiyo ni Sh 1,875,000 kwa fundi. Ongezeko la asilimia 87.5. Ripoti ikaishia hapo.

Toa kwanza gharama ya malighafi. Katika kazi za mageti na madirisha, nusu ya mapato ilikuwa ni chuma, kwa hiyo thamani iliyotokana na kazi ya mafundi wenyewe ilikuwa Sh milioni 3 kwa mwezi, au 500,000 kwa fundi. Jiko la taasisi linakula malighafi nyingi zaidi, Sh 900,000 kati ya 1,500,000. Inabaki 600,000 kwa jiko. Majiko kumi kwa mwezi ni milioni 6, ukigawa kwa mafundi wanane unapata 750,000. Ongezeko sasa ni asilimia 50.

Halafu toa kile ambacho mafundi na wauzaji wote wa Dodoma wanakiita bei ya serikali. Jiko lile lile mteja binafsi angelipata kwa Sh 1,350,000. Zile 150,000 zilizozidi ni fidia ya kusubiri malipo, ya makaratasi, na ya kusambaza majiko kwenye shule zilizotawanyika. Hazikutokana na fundi kufanya kazi vizuri zaidi. Ukihesabu kwa bei ya soko, kila jiko linabakiza 450,000, na kila fundi 562,500 kwa mwezi. Ongezeko la kweli ni asilimia 12.5.

Kutoka 87.5 mpaka 12.5. Tofauti yote ile ni chuma kilichopita mikononi na bei iliyopanda. Anayetaka kujua kama ununuzi wa serikali umejenga viwanda vyetu asikubali kuletewa namba ya mapato kwa mfanyakazi. Aulize saa za kazi kwa kila bidhaa, bati lililotupwa, na idadi ya bidhaa zilizorudishwa kurekebishwa.

Hata hivyo asilimia ile 12.5 si ya kudharau, na chanzo chake kinaeleweka. Mwaka 1936 mhandisi wa ndege wa Marekani, T. P. Wright, alionyesha kwamba kila jumla ya ndege zilizotengenezwa inapoongezeka mara mbili, saa za kazi kwa ndege moja hushuka hadi kama asilimia 80 ya zilivyokuwa. Kwa karakana yetu tuchukue kwa tahadhari asilimia 90. Jiko la kwanza saa 200, la pili 180, la nne 162, la nane 146, la kumi na sita 131, la thelathini na mbili 118. Nilichokiweka katika hesabu ndicho anachokiona yeyote anayesimama karakanani: fundi aliyekuwa anapima kila bati kwa futi kamba anachonga kigezo kimoja cha plaibodi na kukatia bati zote; mafundi wanatengeneza fremu ya kushikia miguu ili isichomelewe ikiwa imepinda; saidia fundi anajua kesho kutakuwa na kazi gani bila kuuliza. Haya hayakuwezekana kwa majiko ya moja moja yenye vipimo tofauti. Wingi wa oda ndio ulioyaleta, na ni serikali pekee iliyokuwa na uwezo wa kutoa oda ya wingi ule.

Malipo

Hili nalipitia kwa ufupi kwa sababu kila msambazaji analijua. Karakana ilikopa Sh milioni 25 za chuma kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Malipo yalichelewa miezi sita baada ya majiko kupokelewa. Riba ya miezi sita ni Sh 2,250,000. Faida iliyotarajiwa katika mkataba mzima ilikuwa Sh milioni 6, yaani 150,000 kwa jiko. Riba ikala faida ya majiko 15. Juu ya hapo serikali inapolipa bidhaa huzuia kodi ya asilimia 2, ambayo kwa milioni 60 ni 1,200,000. Kodi hiyo mlipakodi huidai kwenye hesabu zake za mwaka, lakini kwa karakana yenye madeni, fedha inayorudi mwakani si fedha ya leo. Mashine ya kukunjia bati iliyokuwa inunuliwe kutokana na faida haikununuliwa. Mafundi wawili walioongezwa waliondoka, mmoja akaenda kwenye ujenzi Mtumba. Ujuzi wa majiko 40 ulianza kupotea pamoja nao.

Oda ya pili

Mwaka uliofuata halmashauri ilitaka majiko 10 tu. Safari hii mama hakwenda ofisini kuuliza kwa mdomo. Mzabuni anaruhusiwa kuomba ufafanuzi kabla zabuni haijafungwa, na yeye aliandika, kupitia mfumo, swali moja: je, kimo cha sentimita 90 ni cha lazima, au mnunuzi anaweza kutaja kazi ambayo jiko linapaswa kuifanya? Swali lililoandikwa lazima lijibiwe kwa maandishi, na jibu linaonwa na wazabuni wote. Afisa ununuzi sasa alikuwa na kitu cha kuipelekea idara tumizi, yaani idara iliyohitaji majiko, na idara hiyo ikamtuma mtu akaangalie ugali unavyosongwa.

Vigezo vipya vilikuwa vifupi. Jiko lichemshe lita 100 za maji ndani ya muda uliotajwa bila kuzidisha kilo za mkaa mbadala zilizotajwa. Mpishi asonge ugali akiwa amesimama sakafuni. Sufuria isizunguke. Moshi utoke nje. Jiko la kwanza lijaribiwe shuleni mbele ya mpishi kabla mengine hayajatengenezwa.

Jiko la pete likatoka kabatini. Kwa kuwa tumbo lake ni fupi, bati lilipungua, na malighafi ikashuka kutoka Sh 900,000 hadi 780,000. Saa za kazi zilikuwa kama 130, karibu sawa na wastani wa yale 40 ya mwanzo, kwa sababu sehemu nyingi zilikuwa zile zile na fundi mkuu alikuwa bado yupo. Kwa bei ya soko, kila jiko sasa linabakiza Sh 570,000 badala ya 450,000. Hiyo ni zaidi ya asilimia 26 kwa saa zile zile za kazi, na hakuna bei ya serikali ndani yake. Kisha hosteli na wapishi wa sherehe waliosikia kwamba jiko limejaribiwa shuleni wakaanza kuliulizia lenyewe, kwa kipimo kile kile, bila kila mmoja kudai chake. Oda ya majiko 10 ilifanya kwa karakana kile ambacho oda ya 40 haikukifanya.

Hapa nina msimamo, na najua wenzangu kadhaa hawakubaliani nao. Tunabishana sana juu ya kiasi cha fedha kinachotengwa kwa wazawa. Sheria inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, na ni jambo jema. Mlango ule umefungua nafasi kwa watu ambao wasingeingia kamwe. Lakini asilimia 30 inaeleza nani anunuliwe, haielezi kinachonunuliwa. Kikundi kinaweza kushinda zabuni, kikanunua bidhaa dukani Kariakoo, kikaileta Dodoma, na tija ya mtengenezaji yeyote wa hapa isiguswe. Vivyo hivyo mashindano ya ubunifu ya kitaifa, MAKISATU, yanayofanyika tangu 2019, yanawaibua vijana wenye vipaji vya kweli, na nawapenda kwa hilo. Ila kombe na fedha za zawadi haviwapi jiko la thelathini na mbili. Oda ndiyo inayowafikisha huko.

Historia ya nje inaonyesha oda inaweza kufika mbali. Mwaka 1962, saketi unganishi (chipu za kielektroniki) zilizotengenezwa Marekani karibu zote zilinunuliwa na serikali, kwa ajili ya makombora na safari ya mwezini, kwa wastani wa dola 50 kila moja. Kufikia 1968 bei ilikuwa imeshuka hadi dola 2 na senti 33, na sehemu ya serikali ilikuwa asilimia 37 tu, maana viwanda vya kiraia vilikuwa vimeingia sokoni. Serikali ilinunua kitu kikiwa ghali na kibovu, ikaendelea kukinunua, na ikadai kifanye kazi bila kuharibika. Kule Brazil, utafiti wa zabuni za minada ulionyesha kwamba kampuni zilizoshinda kwa tofauti ndogo ziliendelea kukua hata baada ya mkataba kwisha, hasa kwa kuwa zilishiriki na kushinda zabuni nyingine. Na Ujerumani inatupa tahadhari: baada ya sheria kuruhusu vigezo vya ubunifu kwenye zabuni, mauzo ya bidhaa mpya yaliongezeka, lakini nyingi zilikuwa maboresho madogo madogo, chache zilikuwa mpya kabisa sokoni. Mimi hilo halinisikitishi. Pete ya kuibana sufuria nayo ni boresho dogo.

Ukiuliza kwa nini basi halmashauri zote zisiandike vigezo vya matokeo, jibu ni kwamba kuvipima kunagharimu. Futi kamba ni ya bei ndogo. Kupima jiko kunahitaji mzani, kipimajoto, saa, mkaa mbadala wa kutosha, siku nzima na mtu anayeaminika kutia sahihi. Katika kisa hiki gharama ile iliangukia karakana, na kwa oda ya majiko 10 ilikuwa mzigo. Dodoma kuna Chuo Kikuu chenye wanafunzi wa sayansi, kuna VETA ya mafunzo ya ufundi stadi, kuna ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo. Fungu dogo la kupimia lingeweza kuandikwa ndani ya bajeti ya zabuni yenyewe, na kipimo kikafanywa na mtu asiye mnunuzi wala muuzaji. Hapo afisa ununuzi naye angekuwa na cheti cha kumwonyesha mkaguzi.

Halmashauri yetu ya mfano sasa inahitaji majiko mengine 30. Kama ningekuwa kwenye kikao chake cha ununuzi, ningeomba yagawanywe: matano yajaribiwe kwa muhula mmoja kwenye shule mbili, kumi na tano yafuate baada ya wapishi na karakana kurekebisha kasoro, kumi ya mwisho yanunuliwe mwaka wa fedha unaofuata kwa vigezo vile vile, na kila fungu lilipwe kabla fungu linalofuata halijaagizwa. Karakana ingeweza kuwarudisha mafundi wale wawili na kukaa nao kwa miaka miwili badala ya miezi minne. Wanaopinga watasema kugawa oda ni kukwepa ushindani. Ushindani unaweza kufanyika mara moja mwanzoni, kwa mkataba mmoja wenye mafungu matatu, na anayeshindwa kipimo cha kwanza akampisha aliyemfuata.